Lenzi Imeganda Nje, Betri Ni Mpya: Kisa cha Kamera ya Kikundi cha Mwani

Malalamiko yalikuwa mawili, na mwenye kamera aliyaleta kama tatizo moja. Kwanza, kamera ikiwashwa inatoa lenzi nusu, inalia kidogo, kisha inazimika lenzi ikiwa bado nje. Pili, picha zake zote za miezi ya karibuni zinaonyesha kuwa zimepigwa Januari 2008, tena alfajiri, wakati kila mtu anayeonekana humo amesimama kwenye jua kali. Fundi wa kwanza aliyeiona alisema ubao wa umeme wa ndani umekufa na gia ya lenzi imekatika, akataja bei ya matengenezo inayokaribia kununua kamera nyingine ya mtumba. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ubao ulikuwa mzima, gia ilikuwa nzima, na kamera za aina hii zinatupwa kila siku kwa hukumu kama hiyo.

Kamera yenyewe ni kompakti ya mwaka 2008: megapikseli 8, lenzi inayojitokeza na kujifunika, tundu dogo la kuchungulia juu ya kioo, kadi ya SD, na betri mbili za AA. Kampuni iliyoitengeneza haina kosa katika habari hii, kwa hiyo haina haja ya kutajwa. Enzi hizo Canon, Nikon, Fujifilm, Kodak, Olympus na Samsung wote walikuwa na kompakti za kutumia AA, na nyingi zilifika kwetu kwa njia ileile: mgeni anakuja nayo, akiondoka anaiacha.

Hii iliachwa kwa kikundi cha akina mama wanaolima mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya Bagamoyo. Mwenye kuitunza ni katibu wao, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri na daftari lisilokosa ukurasa. Hakuichukua kwa ajili ya sherehe. Kila mnunuzi anapokuja kupima mwani mkavu, mama huyu hupiga picha ya gunia likiwa limening'inia na uso wa mizani ukisomeka vizuri, kisha picha ya mwenye mzigo akiwa pembeni ya gunia lake. Kumewahi kutokea ubishi kuhusu kilo, na baada ya ubishi ule kikundi kiliamua kuwa kila mzigo uwe na picha. Kwa nini si simu? Simu yake ni kitochi. Vijana wana simu kubwa, lakini picha zikikaa kwenye simu ya kijana mmoja, siku kijana akihama au simu ikiibiwa, ushahidi wa watu wengi umeondoka. Kadi ya kamera inakaa ndani ya boksi la kikundi pamoja na daftari. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu hata leo.

Tena pwani saa tano mchana kioo cha simu hakionekani. Lile tundu la kuchungulia, ambalo watengenezaji wengi walilifuta baadaye ili kioo cha nyuma kiwe kikubwa zaidi, ndilo linalomwezesha mama aliyekodoa macho kwenye mng'ao wa mchanga mweupe kujua kama mizani imeingia kwenye picha au haikuingia.

Swali langu la kwanza lilikuwa kuhusu betri.

"Betri ni mpya, mwanangu," alisema. "Nimezifungua mwenyewe pale pale dukani."

"Ni za aina gani, mama?"

"Hizi hizi za redio."

Jibu hilo linabeba karibu nusu ya uchambuzi. Betri za redio, zile za bei ya chini zinazouzwa kila duka la kijijini, ni za zinki na kaboni. Kwa redio ndogo, saa ya ukutani au rimoti zinatosha kabisa, maana vitu hivyo vinanyonya umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kamera haifanyi hivyo. Inapowashwa inazungusha mota ya lenzi, inawasha kioo, inaamsha sensa na kuanza kutafuta fokasi kwa pamoja, na katika sekunde hizo inaweza kuvuta mkondo wa kufikia ampia moja. Baada ya kupiga picha ikaanza kuchaji flashi, inavuta tena kwa nguvu.

Nikaweka betri zake kwenye mita. Kila moja ilisoma volti 1.58. Kwa namba hiyo peke yake mtu yeyote angesema ni mpya, na alikuwa sahihi aliposema ni mpya. Lakini mita inapima betri ikiwa imepumzika. Nilipoziunganisha, kila moja kwa zamu, na resista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu) ya omu 2.2 na kupima tena wakati mkondo unapita, volti ilishuka hadi 1.1 na kuendelea kuteremka taratibu. Mkondo hapo ulikuwa nusu ampia tu. Hesabu yake ni rahisi: betri imepoteza karibu nusu volti kwa nusu ampia, maana yake ina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa karibu omu moja ndani yake yenyewe. Ziweke mbili mfululizo, ukinzani unakuwa omu mbili. Kamera ikidai ampia moja, volti mbili nzima zinaliwa ndani ya betri kabla umeme haujafika kwenye waya wa kamera. Katika volti tatu na kidogo ulizoanza nazo, kamera inabaki na volti moja na kitu. Haiwezi kufanya kazi na hiyo. Ni tangi lililojaa maji lakini bomba lake ni jembamba kama mrija wa soda: maji yapo, ila ndoo haijai kwa wakati.

Kwa hiyo kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kamera inaamka, inaanza kusukuma lenzi, volti inaanguka katikati ya safari, kompyuta ya ndani inazimika kwa kukosa umeme, na lenzi inabaki pale ilipofika kwa sababu hakuna tena nguvu ya kuirudisha. Ukiiangalia kwa nje, inafanana kabisa na lenzi iliyoharibika. Fundi akiiona imeganda nusu, akiwasha tena kwa betri zilezile ikalia kidogo na kufa, anahitimisha kuwa gia imekatika. Kumbe gia hata haijapata nafasi ya kujaribu.

Betri za alkalaini ni afadhali. Zikiwa mpya ukinzani wake ni mdogo mara kadhaa kuliko wa zinki na kaboni, na kamera itawaka. Ila nazo, kadiri zinavyotumika, volti yake inateremka na ukinzani unapanda, kwa hiyo kamera huzikataa zikiwa bado na umeme mwingi tu ndani. Ndiyo maana mtu anatoa alkalaini "zilizokufa" kwenye kamera, anaziweka kwenye redio, na redio inaimba wiki kadhaa. Zilizofaa tangu mwanzo ni za kuchaji, za nikeli. Zimeandikwa volti 1.2, na watu wengi huziogopa kwa sababu ya namba hiyo ndogo. Lakini zinabaki karibu na volti hiyo hadi zinapokaribia kuisha, na ukinzani wake ni sehemu ndogo sana ya omu. Vitabu vya maelekezo vya kamera za AA vya miaka ile vilionyesha wazi kuwa betri za nikeli zinapiga picha zaidi ya maradufu ya alkalaini. Betri za redio kwa kawaida hazikuwemo katika hesabu hiyo.

Nilipoweka betri mbili za kuchaji, lenzi ilitoka yote, ikatulia, kioo kikawaka. Mama alipiga makofi. Nilimwomba asubiri kwanza, kwa sababu nilisikia kitu.

Lenzi ilipokuwa inarudi ilitoa mkwaruzo mfupi, kama kucha juu ya bati. Mchanga ulikuwemo. Ingekuwa ajabu usiwemo, kwa kamera ambayo kazi yake yote ni ufukweni, na ambayo kwa muda mrefu ilibaki na lenzi nje kila ilipozimika. Lenzi ya kompakti ni mirija mitatu au zaidi inayoingiana, na nafasi kati ya mrija na mrija ni ndogo kiasi kwamba punje moja inatosha kuongeza mzigo wa mota. Kwa betri nzuri, mota ilikuwa inaishinda punje. Kwa betri dhaifu, punje ilikuwa inasaidia kuua safari mapema zaidi. Kwa hiyo mchanga ulichangia. Lakini ukitoa mchanga wote ukabakiza betri za redio, kamera ingeendelea kufa. Ukibakiza mchanga ukaweka betri sahihi, ilikuwa inafanya kazi. Katika kutafuta chanzo cha tatizo nadhani mpangilio huo ndio wa kuushika: kwanza lisha kifaa umeme wa kutosha, kisha ndipo usikilize kinalalamika nini.

Mchanga ulishughulikiwa bila kufungua skrubu hata moja. Kamera ikiwa imewashwa na lenzi nje, unaigeuza uso wake uangalie chini, unapuliza kuzunguka mirija kwa pampu ya mpira ya mkononi, ile inayotumika kusafishia lenzi, huku ukigonga ubavu kwa ncha ya kidole. Hewa ya kopo ina nguvu mno. Inapeleka punje ndani zaidi. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate. Na kuvuta lenzi kwa vidole, jambo ambalo nimeliona likifanywa na watu wazima na akili zao, ndilo hasa linalokata ile gia ambayo fundi alisema imekatika.

Kuhusu kufungua kamera nasema kwa mkazo, maana vijana wengi wanajifunza ufundi kwa kubahatisha. Ndani ya kila kompakti yenye flashi kuna kapasita, kifaa kinachotunza umeme wa flashi, inayochajiwa hadi karibu volti 300. Kutoa betri hakuiondolei chaji hiyo. Inaweza kukaa kwa muda mrefu baada ya betri kutoka. Ukiweka bisibisi au kidole kwenye miguu yake utapigwa shoti ya kukutupa, na ubao unaweza kuungua papo hapo. Anayefungua ajue kapasita iko wapi na aimalize chaji kwa resista inayofaa kabla ya kugusa kingine chochote. Asiyejua hilo asifungue. Katika kisa hiki hapakuwa na sababu ya kufungua.

Sehemu nyingine iliyokuwa inaiba umeme ni miguso ya betri. Hewa ya chumvi ilikuwa imeweka ukungu wa kijani kwenye springi na kwenye kibati cha mlangoni. Mama alikuwa ameuzoea. Alidhani ndiyo rangi yake. Ukungu huo unaongeza ukinzani, na kwa ampia moja kila sehemu ya kumi ya omu ina maana. Kifutio cha penseli, pamba yenye spiriti, kisha kukausha. Mlango wa betri nao ulikuwa umevunjika kidole cha kufungia, ugonjwa wa kawaida sana wa kompakti za AA, kwa sababu springi zinausukuma mlango huo kutoka ndani usiku na mchana. Yeye alikuwa ameufunga kwa rababendi mbili. Niliziacha. Zinabana vizuri, na mlango wa kubadilishia hauko tena popote.

Hilo la vipuri lina historia yake. Takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 kamera za lenzi isiyobadilishwa zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Simu ziliumeza ule mkate wote. Viwanda vya mota za lenzi, milango ya betri na vioo vidogo havikuwa na sababu ya kuendelea, kwa hiyo kamera ya 2008 leo inategemea kamera nyingine ya 2008 iliyokufa. Siku hizi kuna vijana mijini, huko nje na hata Dar es Salaam na Nairobi, wanaozitafuta tena kwa rangi za sensa zake za zamani, na bei za mtumba zimepanda. Furaha yao siichukii, ila inamaanisha kuwa kwa mama wa mwani kupata nyingine kama hii si kazi nyepesi kama ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Hii aliyonayo inastahili kutunzwa.

Sasa tarehe, na hapa ndipo kisa kilipokuwa kigumu na muhimu zaidi.

Ndani ya kamera hii, mbali na betri mbili kubwa, kuna betri ya tatu, kidonge cha aina ya CR1220 cha volti 3, kinachokaa kwenye kidroo kidogo karibu na betri kubwa. Kazi yake ni moja tu: kuendesha saa wakati betri kubwa zinatolewa. Kidonge hicho kilikuwa kimekufa, pengine tangu miaka mingi, na hakuna aliyejua kwamba kipo. Kamera nyingine hazina kidonge cha kubadilisha. Zina kibetri cha ndani kinachochajiwa na betri kubwa, na ukikiacha kikauke, saa inapotea vilevile.

Kwa hiyo kila betri kubwa zilipotolewa, saa ilirudi mwanzo, 1 Januari 2008, na kamera ikauliza tarehe. Na kwa kuwa betri za redio zilikuwa zinaishia njiani baada ya picha chache, alikuwa anabadilisha betri kila mara. Hapo malalamiko mawili yaliungana kweli kama alivyohisi mwenyewe, ila kwa njia ambayo hakuitarajia: betri mbovu hazikuzima kamera tu, zilikuwa zinafuta kalenda yake.

Kamera ikiuliza, mama alifanya alichoweza. Tarehe ilimchanganya, kwa sababu mpangilio wake unaanza na mwezi, basi aliipita. Saa aliiweka. Aliiweka kama kila mtu wa huku anavyoisoma: saa nne asubuhi, akaandika 4. Kamera ikaelewa 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Ndiyo maana picha za watu wenye kanga zilizolowa hadi kiunoni, jua likiwa juu ya vichwa vyao, ziliandikwa alfajiri. Pengo lilikuwa la masaa sita kamili, na lilirudia hivyo karibu kila mahali alipoiweka saa mwenyewe.

Mpwa wake alikuwa amezihamishia picha kwenye kompyuta na kuzipanga kwa tarehe. Hapo ndipo mama alipodhani zimepotea. Hakuna iliyopotea. Mafungu yote ya picha, moja kwa kila badiliko la betri, yalikuwa yanaanzia siku ileile ya 1 Januari 2008, kwa hiyo kompyuta iliyachanganya kama karata: gunia la msimu mmoja likifuatiwa na gunia la msimu mwingine, mtu mmoja akibadilika nguo kati ya dakika na dakika. Wakala wa mnunuzi alipoonyeshwa, alisema picha zisizo na tarehe si ushahidi. Kwa maneno yalivyo, alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Namba za faili ndizo zilizotuokoa. Kamera hii inaendelea kuhesabu picha hata betri zikitolewa, na hata saa ikirudi mwanzo. Namba inapanda tu. Tukazipanga upya kwa namba badala ya tarehe, na mara moja hadithi ikasimama: mavuno, kuanika kwenye vichanja, magunia, mizani, mavuno tena. Kisha tukatafuta mahali ambapo tarehe inaruka kurudi 1 Januari. Kila mruko ni badiliko la betri, na kati ya mruko na mruko kuna fungu moja ambalo saa yake, hata kama imeanza vibaya, ilitembea sawasawa. Picha ya kwanza ya fungu na ya mwisho zinaweza kuwa na tarehe za uongo, lakini muda kati yake ni wa kweli.

Kinachobaki ni kupata picha moja ndani ya fungu ambayo tarehe yake halisi inajulikana. Mama alikuwa na tabia ya kupiga picha daftari la wakala pale mzigo unapoandikwa, na katika mafungu kadhaa ukurasa ulisomeka: siku, mwezi, mwaka, kilo. Picha hiyo ikawa nanga. Unachukua tofauti kati ya tarehe ya daftari na tarehe ya kamera, unaisogeza kwa picha zote za fungu hilo. Kuna programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwa amri moja, ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey. Inasogeza tarehe zilizofichwa ndani ya faili kwa kiasi unachokitaka.

Sikuigusa kadi ya asili. Hili nimelieleza kikundi zaidi ya mara moja: picha inayotumika kwenye ubishi wa fedha haihaririwi kwenye faili lake la kwanza. Kadi ilibaki kama ilivyo, na tarehe zake za uongo, ndani ya bahasha. Nakala ndizo zilizosogezwa, na pembeni tuliandika karatasi inayoonyesha kila fungu, picha ya nanga, na hesabu iliyotumika, ili yeyote mwenye shaka arudie mwenyewe na afike palepale.

Tulikuwa na njia nyingine ya kujihakikishia, na hii ilitoka kwa wenye bahari. Mwani haufikiki siku yoyote. Akina mama huingia shambani maji yanapokupwa sana, yaani wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na katika pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kabisa saa za asubuhi hadi kukaribia adhuhuri, kwenye saa nne, saa tano. Kwa hiyo tarehe zilizopatikana kwa nanga zilipaswa kuziangusha picha za mavuno kwenye siku za bamvua, na masaa yake, baada ya kuongeza zile sita, kwenye asubuhi ya kupwa. Zilianguka hapo. Mama mmoja mzee wa kikundi, aliyekaa kimya muda wote, aliitazama picha moja ya vigingi vilivyo wazi hadi chini akasema, "Hii ni bamvua kubwa, ile ya mwezi mwandamo kabla ya mwezi wa Ramadhani." Tukaangalia kalenda. Alikuwa sahihi.

Bamvua peke yake haitoshi, hata hivyo. Inakuambia ni karibu na mwandamo au mpevu, haikuambii ni wa mwezi gani. Mafungu yasiyo na picha ya daftari hayakuweza kupewa tarehe, na hatukuyapa. Ingekuwa rahisi kukisia kwa kuangalia nakshi za kanga au urefu wa nyasi nyuma ya vichanja, lakini ukikisia fungu moja, unampa wakala sababu ya kuyatupa yote.

Kikundi kilinunua betri nne za kuchaji na chaja. Katika kuzinunua nilisisitiza mambo mawili, kwa sababu soko la betri limejaa uongo. Kwanza namba ya uwezo, yaani kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba, kinachoandikwa kwa mAh: betri halisi ya nikeli ya AA huwa na mAh 2,000 au zaidi kidogo, na za juu kabisa haziendi mbali na 2,700. Ukiona imeandikwa 3,800 au 4,500, aliyeandika hakupima. Pili uzito: ya kweli ina gramu 26 hadi 30. Za bandia mara nyingi ni nyepesi waziwazi, na sonara yeyote atakupimia kwenye mizani yake ya dhahabu bila hata kukutoza. Kuna pia aina inayotunza chaji ikiwa imekaa tu, iliyoanza na Eneloop ya Sanyo mwaka 2005 na baadaye ikaingia mikononi mwa Panasonic. Betri za nikeli za zamani zilikuwa zinajimwaga zenyewe ndani ya wiki chache. Kwa kamera inayotumika siku za mizani tu kisha ikakaa, aina hiyo ndiyo inayofaa.

Na kuna betri ambazo hazipaswi kuingia humo kabisa. Kwenye maduka ya tochi zinauzwa betri za lithiamu za kuchaji zenye umbo lilelile la AA, zimeandikwa 14500 na volti 3.7. Mbili zinatoa zaidi ya volti 7 kwenye kamera iliyotengenezwa kwa tatu. Zinaingia bila shida, mlango unafunga, na kamera inaungua. Nilimwandikia katibu namba hiyo kwenye jalada la ndani la daftari, kwa kalamu nyekundu.

Kidonge cha saa kilipatikana kwa fundi saa. Tarehe iliwekwa, na saa tukakubaliana iandikwe kwa hesabu ya kamera: saa nne asubuhi ni 10, saa tisa alasiri ni 15. Aliandika jedwali zima mwenyewe. Lakini hata saa ikiwa sahihi, picha ya kwanza ya kila siku ya mizani sasa ni ya ukurasa wa daftari wenye tarehe na sahihi ya wakala, ili kama kidonge kikifa tena miaka ijayo, nanga iwepo.

Wakala alirudi msimu wa mizani uliofuata. Alioneshwa karatasi ya mafungu na picha za mizani zenye nanga, na daftari lake lenyewe likawekwa pembeni. Kwa mizigo mingi kilo zilikubaliana. Kwa mzigo mmoja hazikukubaliana: uso wa mizani kwenye picha ulikuwa unasoma zaidi ya kilichoandikwa, na mwenye mzigo alikuwa amesimama hapohapo kwenye picha akiwa ameshika kamba ya gunia. Wakala aliangalia kwa muda, akauliza kama anaweza kupewa nakala, akakubali tofauti iingie kwenye malipo. Mizigo ya fungu lisilo na nanga ilibaki ilivyoandikwa kwenye daftari lake, na wenye mizigo hiyo hawakufurahi. Mmoja wao aliniuliza kama hakuna namna yoyote. Nilimwambia hakuna ninayoiamini.

Lenzi bado ina mkwaruzo mdogo inaporudi. Wameanza kuibeba kamera kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, inatolewa ikifika mizani, inarudishwa kabla ya mtu kushika gunia lingine.